Chiriku wa Kugabiwa

Kaka yangu Liberati hajawahi kushika koleo la theluji Buffalo hata siku moja, lakini ndiye aliyetaka kunifundisha ndege wangu waishi vipi. Yeye anakaa Louisville, ambako theluji ikianguka asubuhi watu wanapiga picha na jioni imeshayeyuka. Mimi nakaa Riverside, kando ya mto Niagara, na upepo wa huku hauna adabu hata kidogo. Unatoka ziwani umebeba theluji kama mtu aliyebeba gunia na anatafuta pa kulitua, na akifika kwangu analitua.

Nitaeleza tangu mwanzo, maana ukoo mzima unasema mimi, Veridiana, nilivuruga mahari ya mtoto wa kaka yangu kwa sababu ya kandege. Wanaosema hivyo ama hawakuwepo, ama walikuwepo wakajifanya hawasikii.

Mume wangu Theogene alipofariki, Liberati aliendesha gari kutoka Louisville hadi kwangu na tundu dogo kwenye kiti cha nyuma, limefunikwa blanketi. Ndani yake walikuwamo chiriku wawili, dume na jike, wadogo kuliko ngumi ya mtoto, midomo myekundu kama nyanya. Siku ya kuondoa msiba alisimama mbele ya watu wa kanisa akasema, "Veridiana, nakugabira." Wengine walicheka. Mimi nililia.

Asiye Mrundi hawezi kujua kwa nini nililia. Kwetu anayekupenda anakugabira ng'ombe. Humlipi kitu. Unamtunza, unakunywa maziwa, na akishazaa unamrudishia aliyekupa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, ili na yeye asikose. Ng'ombe huyo anawafunga kuliko damu. Ila ukimdharau aliyekupa, anaweza kukunyaga, yaani akaja kuchukua kila kilichomo zizini mwako watu wakitazama, na mtu aliyenyagwa hana pa kuficha uso. Sisi tulizaliwa kambini Kigoma. Ng'ombe tuliwajua kwa mdomo wa baba tu, na huku Amerika hakuna mji utakaokuruhusu kufunga ng'ombe nyuma ya nyumba. Liberati akabuni chiriku. Kwa hilo namsifu mpaka leo, hata nikiwa na hasira, na ninazo.

Yule jike nilimwita Bihogo, jina la ng'ombe wa babu ambaye baba hakuchoka kusimulia habari zake. Nilichukua misumeno na nyundo za marehemu, nikajenga banda nyuma ya nyumba mimi na binti yangu Florida, waya mbele, plaiwudi nyuma, mlango wenye kufuli. Tuliliita zizi kwa utani, kisha utani ukazoeleka. Kiangazi kilichofuata Bihogo alitaga, akaangua, watoto nao wakakua wakataga. Ukipita kwangu mwezi wa saba unadhani kuna harusi kule nyuma, wanaongea wote kwa wakati mmoja na hakuna anayesikiliza.

Ndege hao ndio walionitoa kitandani, na hili nalisema bila kuona haya. Mjane anapoamka asubuhi ya Januari, nje giza, ndani kimya, upande wa pili wa kitanda baridi, anahitaji sababu ya kuweka mguu chini. Mimi nilikuwa nayo. Maji yao yalikuwa yameganda.

Na kuwatunza wakati wa baridi nilijifunza kwa jasho, si kwa kuambiwa na kaka. Mzee mmoja Mpolandi wa barabara ya pili, aliyefuga ndege maisha yake yote, ndiye aliyenionyesha. Kwanza, ndege aliyezoea nje tangu kiangazi mwache nje. Ukimwingiza kwenye joto la nyumba kisha ukamtoa tena, umemuua. Pili, baridi kavu haimshindi, kinachomshinda ni upepo na unyevu. Kwa hiyo nafunika banda kwa plastiki nene pande zote, lakini juu naacha uwazi wa kupitisha hewa. Ndani kuna chumba cha plaiwudi chenye hita ndogo iliyozungushiwa waya, na balbu ya kuwarefushia mchana wapate muda wa kula. Chakula ni ulezi, na yai la kuchemsha mara moja moja. Maji nayabadilisha kabla ya kwenda kazini ghalani na tena nikirudi, na asubuhi napasua barafu kwa nyundo.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote. Majani yakianza kuanguka, natoa viota vyote. Chiriku akiona kiota anataga, hana akili ya kuangalia kalenda. Na jike akitaga kwenye baridi, mwili unakakamaa, yai linakwama njiani, na hapo humwoni tena. Liberati nilimweleza hayo kwa simu si mara moja. Akajibu kwamba kwake Louisville hana shida hizo, zizi lake limejaa. Nikamwonea wivu kidogo.

Mwezi wa kumi na mbili akanipigia na sauti ya sherehe. Mtoto wake Kwizera amepata mchumba Columbus, anaitwa Angelika, watu wa heshima, wa kwetu kabisa, na mahari itapelekwa mwisho wa Februari. Pesa zimeshaandaliwa. Lakini msichana wa Kirundi haposwi kwa bahasha peke yake, lazima ng'ombe atajwe, na siku hizi watu wanataja ng'ombe ambaye hayupo na kupiga makofi. Liberati hakutaka ng'ombe wa maneno. Alitaka aingie ukumbini na tundu, jozi mbili za chiriku vijana, wakwe washangae. Na jozi hizo zitoke kwangu, kwa kuwa mtamba wake sijamrudishia bado.

Nilimwambia karibu sana, kaka, wakubwa ninao, njoo uchague unaowataka. Akasema wakubwa hapana, aliyewahi kutaga si mtamba. Anataka watoto wapya. Nikamwambia majira ya baridi sizalishi, na sababu unaijua. Akasema kama siwezi kumrudishia kilicho chake, atakuja kuninyaga.

Nilimkatia simu, mimi ambaye sijawahi kumkatia simu mkubwa wangu. Nilifanya kazi siku nzima ghalani nikipanga maboksi na kumjibu moyoni, na kila boksi nililoliweka niliweka kwa nguvu mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Baada ya Krismasi akaja mwenyewe, mpole kama maji mtungini. Akaleta unga wa muhogo, akaleta ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, akaomba yaishe. Wiki hiyo ghalani kulikuwa na ovataimu na mimi nilikuwa nimechoka hadi mifupa. Florida naye alikuwa anashinda kazini kwake. Liberati akaniambia nipumzike, atakaa siku chache na atawalisha yeye, "zizi niachie mimi." Nikafurahi. Nilisema moyoni, huyu ndiye kaka yangu, huyu ndiye aliyekuja na blanketi. Nilimpa ufunguo wa kufuli, na kila nikirudi kazini nilikuta maji yamebadilishwa, koleo limesimama mahali pake, yeye yuko jikoni anachemsha mayai ya ndege wangu. Sikwenda hata kuchungulia. Nilikuwa nalala.

Siku aliyoondoka nilikwenda bandani mwenyewe. Nilipofungua mlango nilipigwa na hewa nzito, yenye unyevu. Ule uwazi wa juu alikuwa ameuziba kwa utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka, kila tundu limefungwa, na matone yalikuwa yanatiririka ndani ya plastiki. Nikaingia chumba cha plaiwudi. Kulikuwa na viota. Vikapu vidogo vya kusuka, vizuri, vipya, amevinunua huko kwao na kusafiri navyo, vimefungwa ukutani vimejaa manyoya na majani makavu. Alikuja Buffalo na viota kwenye begi. Aliniomba msamaha na huku viota viko kwenye begi.

Bihogo alikuwa sakafuni. Amejivimbisha manyoya, macho nusu wazi, mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Nilimchukua nikakimbia naye ndani, nikafanya yote mzee yule aliyoniambia, mvuke wa maji ya moto, mafuta kidogo kwa ncha ya kidole, kitambaa cha joto. Nilikaa naye jikoni nimemshika kwenye kiganja, nikalihisi yai kwa kidole, gumu, limekaa pale pale. Alisukuma. Alikuwa ananitazama na kusukuma. Alikufa Florida akiwa anaingia mlangoni na viatu vya theluji, na nilipiga kelele mpaka mtoto akadhani amekufa mtu.

Kwetu ng'ombe wa kugabiwa akifa humziki kimya kimya. Unakwenda kumwambia aliyekupa, uso kwa uso, kwa sababu ni wake pia. Nilitoa viota vyote nikavichoma, nikatoa mayai, nikafungua uwazi wa juu, waliobaki wakapona. Bihogo nilimweka kwenye boksi la viatu, boksi nikaliweka friza, kando ya ndagala za Liberati. Florida alifungua friza kutafuta samaki akaniangalia. "Mom, that's not okay," akasema. Nikamwambia najua, ndiyo maana yumo humo.

Liberati alipopiga simu kuuliza kama wametaga, sikumwambia kitu. Nilimwambia nitakuja Columbus. Yeye kwa furaha yake akasikia alichotaka kusikia, akawatangazia wakwe kwamba ng'ombe wako njiani.

Wanasema hasira hasara. Sawa, na upole umenipa faida gani?

Niliendesha kutoka Buffalo, nikapita Erie, nikapita Cleveland, mvua ya barafu inapiga kioo, boksi liko kwenye kiti cha nyuma limefunikwa blanketi lile lile aliloniletea. Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja la Columbus, wameupamba vizuri, wanaume wa pande mbili wamekaa wakitazamana, wanawake na vitenge vyao nyuma. Mimi kama shangazi wa bwana harusi niliwekwa mbele. Kwizera alinikumbatia, na nilipomwona na suti yake nilijiuliza kama nirudi garini niliache lile boksi. Nilijiuliza kweli. Lakini baba yake alikuja akanipapasa bega, akatazama blanketi mikononi mwangu, akatabasamu kama mtu ambaye mvua imenyesha kwenye shamba lake peke yake. Nikakaa nalo.

Mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Msemaji wa upande wa msichana, mzee Ngarambe, mtu wa maneno matamu, alituzungusha, akatuuliza tumepotea njia au tumekuja kununua viazi, tukacheka, soda zikanywewa. Kisha akauliza ng'ombe yuko wapi, maana binti yao hakulelewa kwa maziwa ya boksi. Liberati akasimama. Akasema kwamba wengine huleta ng'ombe wa mdomoni, yeye ameleta wanaopumua. Akasema miaka iliyopita alimgabira dada yake, na leo dada yake, kwa heshima, amemrudishia. Akaninyooshea mkono.

Nikasimama, nikaweka boksi mezani, katikati ya chupa, nikafungua kifuniko.

"Kaka," nikasema, "ng'ombe uliyenigabira amekufa. Nimekuja kukwambia, kama desturi inavyotaka."

Bihogo alikuwa amelala kwenye kitambaa, mdomo bado mwekundu. Liberati alitazama boksi, akatazama watu, akasema haraka haraka kwamba baridi ya Buffalo ni kali, pole sana dada, kazi ya Mungu haina makosa.

"Usimsingizie Mungu," nikamwambia. "Na hakufa kwa baridi. Yai lilimkwama. Ulimwekea kiota mwezi wa barafu nikiwa kazini, nikiwa nimekupa ufunguo. Amekufa akikuzalia mahari."

Niliona akibadilika rangi. Kaka yangu ni mtu anayeweza kuvumilia njaa, amevumilia kambi, lakini kuchekwa na wakwe hawezi kuvumilia. Akanyoosha kidole mbele ya watu wote akasema nimemdhalilisha, na kwa sababu hiyo ananinyaga. Chiriku wote walioko Buffalo ni wake kuanzia leo.

Nilitoa ufunguo wa kufuli nikauweka mezani karibu na boksi. Nilijua naweka pale asubuhi zangu zote, lakini nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba ningeweka na nyumba. Nikamwambia achukue, aende leo leo, maana maji yao saa hii yanaganda.

Hakuuchukua ule ufunguo.

Mzee Ngarambe alikohoa. Akauliza, kwa ule utani wake lakini polepole zaidi, "Mkwe, mtu anayenyaga huwa na pa kuwapeleka. Zizi lako la Louisville lina wangapi?"

Kwizera ndiye aliyesema, amekaa, macho chini. "Baba, waambie."

Sijawahi kumwona kaka yangu akitafuta pa kuweka mikono. Aliishika kwanza nyuma, kisha mbele. Akasema hana zizi. Akasema walikufa wote mwaka juzi, usiku mmoja baridi ilipoingia Louisville, baridi ambayo hawakuizoea. Aliwaonea huruma. Akafunga banda lote kwa plastiki, hata tundu la sindano hakuacha, akawaingizia jiko la mkaa ili walale kwenye joto. Asubuhi alipofungua walikuwa chini wote, jiko bado lina majivu ya moto.

Wazee wa pale walielewa kabla hajamaliza, nikasikia wanawake nyuma yangu wakivuta pumzi. Kambini sote tulilala na jiko la mkaa ndani. Zile nyumba zilipitisha hewa kila kona, ukiamka unakohoa tu na maisha yanaendelea. Hakuna aliyetufundisha kwamba plastiki haipumui.

Basi hapo hasira yangu, badala ya kushuka, ilipanda mpaka ikanitoa machozi. Kwa sababu kwetu aliyefiwa na ng'ombe anashumbushwa. Neno hilo kila mtu ukumbini alilijua. Zizi lako likifa, unakwenda kwa uliyemgabira, unamwambia nimekwisha, na yeye anakupa wa kuanzia upya, na hana ruhusa ya kukataa. Hakuna kuuliza mtamba, hakuna kuuliza aliyetaga au asiyetaga. Yeyote anatosha. Ndiyo maana baba zetu waligabirana, ili siku moto ukipita kwako, mbegu iwe kwa ndugu. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu, useme kwa mdomo wako kwamba wamekufa. Liberati angesema hivyo mwezi wa kumi na mbili, wiki ile ile ningemtengea jozi mbili za kuanzia, na Bihogo angekuwa hai, anapiga kelele kwenye balbu yake.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Ningesemaje mbele za watu kwamba niliwaua mwenyewe?"

"Kama ulivyosema sasa hivi, kaka."

Akakaa chini. Akakaa kama mzee, na ana miaka michache tu kunizidi.

Alikuwa ameshasema, na maneno hayo yalinifunga na mimi, nipende nisipende, na sikupenda. Nilimgeukia mzee Ngarambe nikamwambia upande wetu haujaja mikono mitupu. Kwizera ana jozi mbili kwangu Buffalo, hai, wenye afya, atazichukua Mei theluji ikiisha, kwa sababu kumsafirisha ndege wa banda la nje Februari ni kumuua na mimi nimeshazika vya kutosha. Baba yake atakuja naye. Na kabla ya kuondoka na unyoya mmoja, atakaa kwangu ajifunze kazi kuanzia mwanzo, na ufunguo nitaushika mimi.

Ngarambe alishauriana na watu wake, mama yake Angelika akatikisa kichwa kwamba ndiyo, na vigelegele vikapigwa, vyembamba, vya watu waliotoka kuogopa. Mahari ikapokelewa. Hawa ndio wanaosema niliivuruga.

Sikukaa kula. Nilichukua ufunguo wangu mezani, nikavaa koti. Boksi nililiacha pale pale, na blanketi nikaliacha. Liberati alinifuata hadi mlangoni, amekumbatia boksi kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ndogo amzike wapi, maana ardhi ya Columbus nayo imeganda.

Nikamwambia apasue. Mimi napasua kila asubuhi.